Kabla ya kuagiza vibao vingine

Kwa Mkurugenzi,
Halmashauri ya Manispaa ya Mpanda.

Yah: Herufi za vibao vya mitaa na vya huduma

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mkazi wa Mpanda ninayeishi kwa kazi ya mabango, zamani kwa brashi na rangi, siku hizi zaidi kwa kompyuta. Ombi langu ni moja: kabla Manispaa haijaagiza tena vibao, iamue rasmi itumike fonti gani na kwa ukubwa gani, na uamuzi huo uandikwe kwenye vigezo vya zabuni.

Nasema hivyo kwa sababu katika miji yetu mingi jambo hili haliamuliwi na mtu yeyote. Zabuni hutaja upana wa bati, unene wa nguzo na rangi. Herufi huachiwa kijana wa duka la uchapaji, naye hutumia ile inayofunguka yenyewe kwenye programu, mara nyingi Arial. Sasa chukua Arial uandike Ilembo. I kubwa na l ndogo hutoka kama vijiti viwili vilivyosimama bega kwa bega, na hakuna cha kukuonyesha kipi ni kipi. Sisi wenyeji tunasoma kwa mazoea. Mgeni aliyeshuka stesheni kwa treni ya Tabora hana mazoea hayo, wala dereva wa lori aliyetumwa kushusha saruji Ilunde au Ilela kule Mlele. Kashaulili nayo inaishia na vijiti vinne mfululizo. Mkoa wenye majina kama haya una sababu ya pekee ya kuchagua fonti ambayo l yake ina mkia.

Halafu kuna mwendo. Marekani, kanuni ya alama za barabarani inakadiria kwamba herufi yenye kimo cha inchi 1 husomeka kwa umbali wa futi 30, yaani herufi ya sentimita 10 husomeka ukiwa mita 36 hivi. Bodaboda inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata takriban mita 14 kila sekunde. Dereva wake ana sekunde mbili na nusu za kusoma, kuelewa na kuamua kukata kona. Hesabu hiyo ni ya herufi iliyochorwa vizuri kwenye bati safi. Vumbi letu jekundu la kiangazi likishatua, herufi nene zilizobanana huziba matundu yake, na kwa mbali e, a na o huonekana kitu kimoja. Usiku, kwenye bati linaloakisi taa za gari, mwanga husambaa kutoka kwenye herufi nyeupe na kuziba matundu yaleyale.

Kinachoniumiza zaidi ni herufi zilizobanwa. Jina likiwa refu, fundi huvuta maandishi kwa kipanya mpaka yaenee kwenye bati. Mistari ya wima huwa myembamba, ya ulalo hubaki na unene wake, na neno zima hupoteza umbo. Zipo fonti zilizochorwa nyembamba tangu mwanzo kwa ajili ya kazi hiyo, ila mara nyingi tatizo ni wingi wa maneno. Bango la zahanati huanza na Jamhuri ya Muungano, likashuka TAMISEMI, likapita kwenye jina la halmashauri, na jina la zahanati likaambulia nafasi ya chini, dogo kuliko yote. Mama aliyembeba mtoto mwenye homa anatafuta zahanati. Jina la zahanati ndilo lipewe herufi kubwa.

Uingereza walilichukulia jambo hili kwa uzito unaostahili. Barabara yao ya kwanza ya mwendo kasi, ya Preston, ilifunguliwa mwaka 1958 ikiwa na vibao vya Jock Kinneir na msaidizi wake Margaret Calvert, mzaliwa wa Afrika Kusini, vyenye herufi kubwa na ndogo. Mchonga herufi David Kindersley alipinga, akatoa zake, kubwa tupu. Vibao vikafungwa juu ya gari kwenye uwanja wa ndege wa Benson, gari likawaendea watu walioketi, nao wakasema wameanza kusoma wapi. Herufi za Kindersley zilishinda kwa tofauti ndogo sana, na bado zikachaguliwa za Kinneir kwa kuwa zilionekana nzuri zaidi. Kwa hiyo sidai kwamba herufi kubwa tupu ni kosa. Nadai tupime kama wao, kisha tuchague tukijua tunachochagua. Fonti ile iko barabarani kwao mpaka leo, na l yake ina mkia.

Kupima hapa hakuhitaji mtaalamu kutoka nje. Viandaliwe vibao vitatu, kila kimoja na fonti yake, vyenye majina ya kubuni ili mazoea yasimsaidie mtu. Visimamishwe kando ya barabara ya Sitalike saa saba mchana na tena jua linapozama. Wasomaji wawe madereva wa bodaboda, wazee wasio na miwani na wanafunzi. Miongoni mwa hizo fonti ningependa iwemo Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa bure na Braille Institute ya Marekani kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu. Haitaongeza hata shilingi kwenye gharama za bati wala wino.

Na mafundi wa brashi wasisahaulike. Wakipewa karatasi moja yenye herufi zilizokubaliwa na vipimo vyake, wataziandika kwa usahihi kwenye ukuta wa shule ambako kibao cha kuchapwa hakifiki.

Zoezi la anwani za makazi lilifanyika nchi nzima mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti. Vibao vya wakati ule vitaendelea kupauka na kung'olewa, na vingine vitaagizwa. Naomba kipimo hiki kifanyike kabla ya zabuni hiyo. Bati za majaribio na ngazi nitaleta mwenyewe, siku utakayopanga.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi mabango, Mpanda