Kanjo Tunayo, Baraza Letu Liko Wapi?

Neno kanjo, ambalo mchuuzi wa Gikomba hulijua kabla ya kulijua jina la mwakilishi wake, halikuwa jina la askari hapo mwanzo. Ni neno la Kiingereza la baraza la mji, lililokunjwa na ndimi za Nairobi hadi likakaa vyema mdomoni. Lakini leo mtu akipaza sauti sokoni, "Kanjo!", hakuna anayedhani kwamba madiwani wamewasili kuwasikiliza wananchi. Kila mmoja hukusanya bidhaa zake ndani ya turubai na kutimua mbio. Baraza la watu limegeuka kuwa rungu na gari la kubebea mali zilizotwaliwa, na sisi tumelizoea jambo hilo kana kwamba ndivyo Mungu alivyoumba miji.

Halikufika hapo lenyewe. Mwaka 1983 serikali ililisimamisha Baraza la Jiji la Nairobi kwa madai ya ubadhirifu, na mahali pake ikaweka tume ya watu iliowateua yenyewe. Wananchi waliambiwa kwamba hiyo ni dawa ya muda mfupi. Muda huo ukaongezwa, ukaongezwa tena, na wenyeji wa mji mkuu wa nchi huru wakakaa bila diwani hata mmoja hadi baada ya uchaguzi wa Desemba 1992. Ada za soko, leseni na kodi za nyumba hazikusimamishwa hata siku moja.

Matunda yake yalionekana Mei 1990. Askari wa tume hiyo waliingia Muoroto, mtaa wa mabanda karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, mwendo mfupi wa miguu kutoka Gikomba, wakabomoa makao ya watu. Waliobomolewa wangemwendea nani? Diwani hakuwapo. Viongozi wa makanisa ndio waliosimama kuuliza kwa niaba yao, katika enzi ambayo kuuliza kulihesabiwa kuwa uchochezi. Majuma machache baadaye, tarehe 7 Julai, uwanja wa Kamukunji ulio jirani na soko ukaandika jina lake katika historia kwa Saba Saba. Tunapoikumbuka siku ile huwa twataja vyama vingi na kifungu cha 2A kilichofutwa Desemba 1991. Twasahau kwamba Charles Rubia, aliyetiwa kizuizini pamoja na Kenneth Matiba siku tatu kabla ya mkutano ule, alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Kwetu sisi hilo si jambo la pembeni. Vita vya vyama vingi vilikuwa pia vita vya kurudishiwa baraza letu.

Mtu angedhani somo limeeleweka. Hata hivyo Februari 2020, katiba mpya ikiwa haijatimiza miaka kumi, gavana aliyechaguliwa na watu alitia saini kuikabidhi serikali kuu kazi nne kubwa za kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi wa umma na mipango ya mji. Meja jenerali wa jeshi akawekwa kuziongoza, na idara yake ikadumu hadi Septemba 2022. Wapo walioisifu kwa barabara na visima. Hatuvikanushi visima. Twauliza tu: kisima kikikauka, mkazi wa Majengo atamwondoaje jenerali kwa kura?

Sheria hatukosi. Kifungu cha 174 cha katiba ya 2010 chasema kwamba ugatuzi ni wa kuwapa wananchi uwezo wa kujitawala na kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Kifungu cha 196 chaliamuru bunge la kaunti kufanya kazi hadharani na kuwashirikisha wananchi. Aprili 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alieleza kwamba bunge la kaunti lina wajibu wa kuwahimiza watu washiriki, likipitia makanisani, misikitini, mahekaluni, barazani na redioni. Wasomaji wetu wa makanisani na wazingatie: mahakama iliyataja makanisa. Hakuna tena sababu ya kuambiwa kwamba mimbari haihusiki.

Sasa tuitazame desturi yenyewe. Mara nyingi tangazo huchapishwa gazetini, kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, na kikao huitishwa siku chache baadaye, saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mama wa mitumba ameamka saa tisa za usiku ili awepo robota likikatwa, apate kamera kabla ya wenzake. Saa nne ndipo wateja wake wanapofika. Ni nani basi anayehudhuria? Ni yule aliyelipiwa nauli, akatia sahihi, akanywa soda, akaondoka. Sisi tunaozijua mahakama twajua orodha ile ya sahihi ni ya kazi gani: siku moja itatolewa mbele ya jaji iwe ushahidi kwamba Gikomba ilishauriwa.

Wakubwa husema ati watu wa sokoni hawapendi mikutano. Uongo mtupu! Gikomba imejaa vyama vya akiba vinavyokutana kila juma, vikiwa na mwenyekiti aliyechaguliwa na daftari linalosomwa mbele ya wote. Mweka hazina akishindwa kueleza shilingi mia moja, haondoki pale. Watu wa namna hiyo hawahitaji kufundishwa kuwajibishana. Kaunti ndiyo ingeketi kwenye benchi lao ikafundishwa.

Wakristo wenzetu, someni tena sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Wajane walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuteua tume, wala hawakutafuta jemadari. Waliwaita waumini wote, na waumini wenyewe wakawachagua watu saba. Nanyi mna kumbi, mna vipaza sauti, mna watu wote mbele yenu kila Jumapili. Zitangazeni tarehe za bajeti kama mnavyotangaza ndoa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni, na atakayengoja mwezi huo atakuta sahani zimekwisha kuoshwa. Misikiti ya Pumwani nayo tunaiomba vivyo hivyo, maana moto haubagui dini.

Na twataja moto kwa makusudi. Alfajiri ya 28 Juni 2018 moto uliwaua watu 15 Gikomba. Soko hili limeungua kabla ya siku ile na baada yake, na wachuuzi wengi hushuku mikono ya wanyakuzi wa ardhi. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 chawapa wananchi haki ya kuwasilisha ombi la maandishi kwa kaunti yao, na kifungu cha 89 chailazimisha kaunti kujibu bila kuchelewa. Tunawaomba kila kanisa, kila chama cha akiba na kila kikundi cha mafundi kiandike ombi moja, kwa Kiswahili, lipelekwe mkono kwa mkono, na nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ombi lenyewe liwe na maswali mawili. Mabomba ya maji ya kuzimia moto, na njia za kupitisha magari ya zimamoto Gikomba, yamo katika ukurasa upi wa makadirio? Na ni shilingi ngapi?