Wavu Usiachwe Mlangoni kwa Mume



Siku si nyingi tulivuka na boti kwenda Dar kwenye harusi, Mbagala. Siku ya hina, mpiga piko aliushika mkono wa bi harusi, akaugeuza, akauliza, "Mwanangu, vidole hivi vimefanya nini?" Vidole viwili vilikuwa vimevimba kwenye viungo, na kucha zimekatwa fupi kabisa. Bi harusi akajibu kwa sauti ya chini, "Mpira wa wavu, bibi." Shangazi mmoja wa upande wa bwana akadakia: "Ulikuwa unacheza. Kesho wewe ni mke wa mtu."

Wanawake wote wakacheka. Bi harusi naye akacheka, lakini sisi tuliokaa karibu naye tuliyaona macho yake. Tumerudi Unguja na neno hilo la shangazi limetuganda, na leo tunalijibu. Kwa maoni yetu, kuolewa si sababu ya mwanamke kuacha mchezo anaoupenda. Na jambo hili lina mahali pake pa kuzungumzwa: kwenye posa, si kwenye hina.

Wengi wetu tuliuacha wavu skuli, kwa hiyo hatujui mchezaji wa kweli anapitia nini. Wavu wa wanawake una urefu wa mita 2 na sentimita 24. Ili mkono upite juu yake, msichana anaruka mara mamia kwa wiki, magoti yakiuma, vidole vimefungwa plasta. Yule bi harusi wetu alikuwa akipanda daladala mbili kutoka Mbagala hadi Kinondoni kwenye mazoezi, na mbili kurudi. Halafu anaingia jikoni.

Wala si mchezo wa kupotezea muda tu. Kwetu Tanzania, timu kubwa nyingi ni za majeshi na Magereza, na Kenya kuna timu za Magereza, Pipeline na KCB. Msichana anayecheza vizuri anaweza kupata ajira kwa kupitia mpira. Na mnajua wenyewe, katika dini yetu matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume, na mshahara wa mke ni mali yake. Familia inayosema "aache tu" iseme pia kwamba inamtoa kwenye riziki yake.

Kuna wanaosema wavu na stara havikai pamoja. Hao tunawakumbusha Doaa Elghobashy wa Misri. Mwaka 2016, akiwa na miaka 19, aliingia kwenye Olimpiki ya Rio kucheza wavu wa ufukweni, mchezo ambao dunia imezoea kuuona na bikini. Yeye alivaa hijabu, mikono mirefu na suruali ndefu. Mwenzake, Nada Meawad, hakuvaa hijabu, na walicheza pamoja bila ugomvi. Mechi ya kwanza waliwakabili Wajerumani Ludwig na Walkenhorst, ambao mwisho wa mashindano ndio waliochukua dhahabu. Wamisri walifungwa, lakini picha ya Doaa na yule Mjerumani wakiwa wameruka kila mmoja upande wake wa wavu, hijabu huku na bikini kule, ilizunguka dunia nzima.

Mnalolisahau ni kwamba nguo zile zisingewezekana miaka michache kabla. Ni mwaka 2012 tu, kabla ya Olimpiki ya London, ndipo shirikisho la dunia lilipolegeza sheria ya mavazi ya wavu wa ufukweni kwa wanawake. Sheria ilibadilika kwa sababu watu walisema. Mwaka 2024 Doaa alirudi kwenye Olimpiki ya Paris, na hijabu yake, katika nchi ambayo wachezaji wake wenyewe walikatazwa kuivaa wanapoiwakilisha. Aliyestahimili hayo hawezi kuambiwa kwamba amelegea katika dini.

Hatusemi wasiwasi wa wazee ni upuuzi. Safari za mikoani, kocha mwanamume, sare fupi, mazoezi yanayopita Magharibi: haya ni maswali ya kweli, na sisi wenyewe tuna mabinti. Lakini kila swali hapo lina jibu lake. Sare ndefu ipo. Ratiba inaweza kupisha sala. Safari inaweza kuwa na mahram au kundi la kuaminika. Anayeogopa kocha mwanamume atusaidie kupata makocha wanawake, nao hawatapatikana kama kila mchezaji anaachishwa akishaposwa.

Tunakumbuka pia kwamba imepokewa katika hadithi kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), mara ya kwanza bibi akashinda, na baadaye Mtume akashinda. Walikuwa mume na mke. Hakuna aliyemwambia Bi Aisha kwamba ameshaolewa, akae.

Sasa neno kwenu mabibi harusi. Msitegemee kwamba "atanielewa tukishaoana". Wakati wa posa, mwambieni walii wenu aliseme wazi: binti yetu anacheza, anafanya mazoezi siku kadhaa kwa wiki, na anataka kuendelea. Wengine huuliza kama linaweza kuwekwa sharti la ndoa. Muulizeni sheikh wenu, maana wanavyuoni wanatofautiana: Wahanbali wanayapa masharti ya mke nguvu zaidi, na sisi watu wa pwani, ambao wengi ni Mashafi, wanavyuoni wetu wana ukali zaidi juu ya yapi yanambana mume. Kwa hiyo karatasi peke yake isikupe usingizi. Mtazame mtu mwenyewe. Mwalike aje akuone unacheza, pamoja na mama yake. Uso wake siku hiyo utakuambia mengi kuliko ahadi zake za simu.

Na nyinyi mavyaa na mawifi, kabla ya kusema "aache", ulizeni kwanza anacheza wapi, na nani, amevaa nini, anarudi saa ngapi. Mkiridhika na majibu, mbebeeni mtoto siku ya mechi.

Yule bi harusi wa Mbagala alituaga kwa kutupungia mkono uliojaa piko. Maua yalikuwa yamepita juu ya vile vidole vilivyovimba, wala hayakuvificha. Tunamuombea Mwenyezi Mungu ampe mume atakayevishika bila kuuliza kwa nini haviko laini. Amin.