Kazi yavuka mpaka, gharama zabaki nyumbani kwa mfanyakazi

BUJUMBURA – Kwa miaka mingi biashara ya kuvuka mpaka katika jiji hili la kando ya Ziwa Tanganyika ilimaanisha malori, maghala na mihuri ya forodha. Hivi sasa sehemu kubwa ya shughuli hiyo hufanyika kwenye kompyuta. Tangu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zianze kutekeleza Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, nyaraka za mzigo unaoshushwa bandarini Dar es Salaam hushughulikiwa kwa mtandao kabla lori halijafika mpakani Kobero. Anayezijaza anaweza kuwa ofisini katikati ya jiji, na anaweza vile vile kuwa sebuleni kwake Kinindo au Ngagara.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo waajiri wengi hawapendi kuulizwa: umeme, intaneti, kiti na meza vya ofisi hiyo ya sebuleni ni mzigo wa nani?

Katika nchi nyingi kazi za nyumbani zilishika kasi mwaka 2020 kwa sababu ya Covid-19. Burundi haikufunga shughuli zake kama walivyofanya majirani zake Rwanda na Uganda. Kilichowabakisha baadhi ya wafanyakazi wa Bujumbura nyumbani ni uhaba wa mafuta, ambao umekuwa ukirudi mara kwa mara tangu mwaka 2021. Mabasi yanapokosa mafuta, karani anayeishi Kamenge au Kanyosha hulazimika kutembea saa nzima au zaidi kufika kazini. Kwa mwajiri, kumwambia abaki nyumbani na kompyuta yake lilikuwa jambo la busara. Wapo pia wanaoajiriwa moja kwa moja na makampuni ya Nairobi, Kampala au Ulaya bila kuondoka Bujumbura.

Lakini busara hiyo ina gharama. Ofisini umeme wa REGIDESO ukikatika, jenereta ya kampuni huwashwa. Nyumbani, mfanyakazi ndiye anayetafuta betri, paneli ya jua au lita mbili tatu za petroli. Ofisini intaneti ni ya mwajiri. Nyumbani ni bando linalonunuliwa kwa simu, tena na tena, kwa sababu mkutano mmoja wa video hula data ya siku nzima. Gharama hizo hazijatoweka katika hesabu za kampuni kwa miujiza. Zimehamia kwenye mshahara wa mtu mmoja.

Sheria ya nchi gani?

Kwa mfanyakazi wa kampuni iliyosajiliwa Burundi, njia inaeleweka. Uhusiano wake na mwajiri unaongozwa na Msimbo wa Kazi, uliorekebishwa kwa Sheria namba 1/11 ya tarehe 24 Novemba 2020 baada ya ule wa mwaka 1993 kutumika kwa miaka 27. Mgogoro huanzia kwa mkaguzi wa kazi, na usiposuluhishwa huweza kufika Mahakama ya Kazi.

Aliyeajiriwa kutoka nje yuko katika hali ngumu zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatoa uhuru wa wafanyakazi kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine mwanachama. Ibara yake ya 10 ilimlenga mtu anayevuka mpaka kwa miguu yake. Mhasibu wa Bujumbura anayefanya kazi za Nairobi havuki popote, ila kazi yake huvuka kila jioni kwa barua pepe. Ibara ya 12 inazitaka nchi wanachama zioanishe sera na sheria zao za kazi. Mpaka hilo likamilike, jibu la nani alipe nini linabaki ndani ya mkataba.

Na mikataba mingine ya namna hii humwita mtu huyo mtoa huduma, si mwajiriwa. Neno hilo moja lina uzito. Mtoa huduma kwa kawaida hana haki ya kudai gharama baadaye, hivyo asipoziingiza katika bei anayotaja mwanzoni, amezikubali kuwa zake.

Nje ya ukanda huu baadhi ya nchi zimekwisha kata shauri. Ureno, kwa sheria namba 83 ya mwaka 2021, ilimtaka mwajiri kulipa gharama za ziada zinazotokana na kazi ya mbali, zikiwemo nishati na intaneti. Katika jimbo la California, Marekani, mahakama ya rufani iliamua mwaka 2014 kwamba mwajiri anayemlazimu mfanyakazi kutumia simu yake binafsi lazima arudishe sehemu ya haki ya bili, hata kama mfanyakazi angelipa kiasi kile kile bila ya kazi hiyo. Nchini Ufaransa, ambako sheria nyingi za Burundi zinafanana na za huko, mahakama zimeshikilia kwamba matumizi yaliyofanywa kwa mahitaji ya kazi na kwa manufaa ya mwajiri hayapaswi kumezwa na mshahara.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayoweza kutumiwa Bujumbura hata pale mkataba uliponyamaza. Swali si kama kitu kimenunuliwa nyumbani. Swali ni kwa manufaa ya nani.

Mtego wa faranga na dola

Kwa wanaolipwa kutoka nje, hatari kubwa zaidi imejificha katika kubadilisha fedha. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kutoka karibu 2,090 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja. Hata hivyo pengo kati ya bei rasmi na bei ya mtaani halikuzibika, na baadaye dola mtaani ilipita mara mbili ya bei ya benki.

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Mfanyakazi ananunua betri na vifaa vyake kwa faranga 300,000. Bei rasmi iwe 3,000 kwa dola, na ya mtaani 6,000. Mhasibu wa kampuni ya nje akisikia bei ya mtaani, ataandika deni la dola 50. Fedha hizo zikipita benki, mfanyakazi atapokea faranga 150,000. Nusu ya gharama imepotea njiani, na kila upande unaamini umetenda haki.

Dawa yake ni sentensi moja katika mkataba: gharama zilizolipwa kwa faranga zibadilishwe kwa bei ile ile ambayo benki itamlipa mfanyakazi. Sentensi hiyo haimwongezei mtu faida. Inamrudishia tu alichotoa.

Posho au marejesho?

Jambo jingine ni jina la malipo. Waajiri wengi hupendelea posho ya kila mwezi kwa kuwa ni rahisi. Lakini posho isiyo na hesabu huonekana mbele ya mamlaka ya mapato kama sehemu ya mshahara. Nchini Burundi kiwango cha juu cha kodi ya mshahara ni asilimia 30, kwa hiyo posho ya faranga 100,000 inaweza kumfikia mfanyakazi ikiwa 70,000.

Marejesho ya gharama ni kitu tofauti. Sheria za kodi ya mapato za Kenya na Rwanda haziyahesabu kuwa kipato cha mfanyakazi, mradi yalitumika kwa ajili ya kazi peke yake. Hapo kila kitu kinategemea ushahidi, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ujumbe wa simu unaothibitisha ununuzi wa bando ni ushahidi. Risiti ya umeme wa kulipia kabla, maarufu kwa jina la Cash Power, ina namba ya mita na tarehe. Pale mita inapohudumia nyumba nzima, sehemu ya kazi inabidi ikadiriwe mapema na kukubaliwa kwa maandishi, badala ya kubishaniwa kila mwezi.

Kikwazo ni petroli. Katika miezi ya uhaba mkali, lita iliyopatikana kwa njia za panya iliuzwa kwa bei ya juu kuliko ya kituoni, na muuzaji wa aina hiyo hatoi risiti. Matumizi yanayoumiza zaidi ndiyo yasiyoweza kuthibitishwa.

Uingereza ilikwepa ubishi wa aina hiyo kwa kuruhusu mwajiri alipe pauni 6 kwa wiki bila kodi na bila kudai risiti. Kiasi si kikubwa, ila kinafahamika na kila upande. Utaratibu kama huo, ukipangwa kwa faranga na kukubaliwa na mamlaka za mapato za ukanda, ungewafaa Warundi kuliko ahadi kubwa zinazodai karatasi ambazo hazipatikani.

Kwa sasa mwenye nguvu ni yule anayeuliza kabla ya kutia saini. Akishaanza kazi, akawasha jenereta yake na kununua bando lake kwa miezi sita bila kusema neno, mwajiri atauona ukimya huo kuwa makubaliano. Makampuni nayo yajue kwamba karani aliyezimikiwa na umeme kwa kukosa betri hajazi nyaraka, na lori linalosubiri Kobero halijali bili ni ya nani.