Mgombea Akisimulia Utoto Wake, Muulize Miaka ya Katikati

 

Swali limekuja inbox kutoka kwa kijana wa hapa hapa Kawetele, nikaona nisilijibu faraghani kwa sababu linawahusu wengi. Anasema: "Sheikh, wanasiasa wakija Tukuyu wanatuambia walisoma pekupeku, walibeba ndizi kichwani, walilala njaa. Tutajuaje kama ni kweli? Na kumchunguza mtu maisha yake ya nyuma si kusengenya?"

Naandika sasa, wakati hakuna bango hata moja barabarani, makusudi kabisa. Kampeni zikianza, kila neno la sheikh linapakwa rangi ya chama.

Hadithi hiyo hapa Rungwe tunaijua kama tunavyoijua mvua. Mgombea anatoka Dar au Dodoma, anashuka kwenye gari, anasalimia kwa Kinyakyusa, anatupia "ndaga fijo" mbili tatu, kisha anaanza: shule ilikuwa mbali, matope yalifika magotini, mama aliuza maziwa ili apate ada. Kina mama wanatikisa vichwa. Na mara nyingi, ndugu zangu, ni kweli tupu! Nani katika wazee wetu wa huku hakutembea kwenye matope? Hapo ndipo penye tatizo. Jambo lililompata kila mtu halikusaidii kumtofautisha mtu na mwenzake. Mwizi na mwaminifu wote walipita njia ile ile ya shule.

Tazameni mifano mikubwa. Hayati Rais Magufuli alisimulia kwamba kwao Chato waliishi nyumba ya nyasi, akachunga ng'ombe, akauza maziwa na samaki kuisaidia familia. Jirani yetu wa Kenya, William Ruto, mwaka 2022 alizunguka nchi nzima akisema yeye ni hasla, aliuza kuku kando ya barabara, na toroli ikawa alama yake. Sisemi walidanganya. Sina sababu ya kusema hivyo. Nasema hesabuni miaka. Ruto aliingia bungeni 1997, akawa waziri, akawa Naibu Rais tangu 2013. Kati ya kuku na Ikulu kuna miaka 25 ya ofisi, mihuri na bajeti. Magufuli naye aliingia bungeni 1995 na alikaa serikalini miaka 20 kabla ya kuwa Rais. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa na ushahidi: barabara alizosimamia ziko wazi, na uuzaji wa nyumba za serikali akiwa Waziri wa Ujenzi, jambo lililolalamikiwa sana, nao uko wazi. Mpiga kura aliyetaka kupima alikuwa na cha kuweka kwenye mizani. Lakini jukwaani tunapewa ng'ombe na kuku. Utoto hauna hati, hauna mkaguzi, na mashahidi wake wengi wameshatangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo mtu akikusimulia maisha yake, usiishie kuuliza kama alikuwa maskini. Uliza siku alipokabidhiwa ufunguo wa kwanza, wa stoo, wa ofisi, wa AMCOS, alifanya nini nao.

Katika Sahihi ya Imamu Bukhari, mwanzoni kabisa, kuna kisa cha Heraclius, mfalme wa Warumi. Alipopata barua ya Mtume (s.a.w.) hakuuliza ana jeshi kiasi gani. Aliagiza atafutiwe watu wa Makka waliokuwa Sham kwa biashara. Wakaletwa kina Abu Sufyan, ambaye wakati huo alikuwa adui. Mfalme akamweka Abu Sufyan mbele, wenzake nyuma yake, akawaambia akisema uongo wamkadhibishe. Kisha akauliza juu ya nasaba, juu ya wafuasi, na akauliza kama mtu huyu walikuwa wakimtuhumu uongo kabla ya kusema anayoyasema sasa. Adui akajibu hapana. Abu Sufyan mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba angedanganya siku ile, ila aliona haya wenzake wasije wakamnukuu kwa uongo.

Angalieni ufundi wa yule mfalme, na hakuwa Muislamu. Habari za mtu aliziuliza kwa asiyempenda, mbele ya watu waliokuwepo, wenye ruhusa ya kupinga. Mikutano yetu imepangwa kinyume chake. Anayesimulia ni mgombea mwenyewe, shahidi ni mpambe wake, na anayejua zaidi yuko nyuma kabisa chini ya mti, hapewi kipaza sauti.

Sasa niguse jambo ambalo wengi mnalikumbuka. Tarehe 15 Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alisoma orodha ya watu aliowaita mafisadi. Jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, lilikuwemo. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa majirani zetu wa Kyela, ikaleta ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond, na tarehe 7 mwezi huo Lowassa akajiuzulu. Mahakamani hakuwahi kupelekwa kwa jambo lile, na yeye alisema siku zote kwamba alibeba dhamana ya kisiasa tu. Ikaja 2015. CCM ikalikata jina lake Dodoma, akahamia Chadema, akawa mgombea urais wao. Waliomwita fisadi wakasimama kumtetea. Waliomtetea wakaanza kumwita fisadi. Dk. Slaa akaachia ngazi. Lowassa akapata kura 6,072,848. Mwaka 2019 akarudi CCM, na Februari 2024 akafariki.

Ndugu zangu, yaliyotokea 2006 na 2007 yalibadilika wapi hapo? Hayakubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni kiti cha msimuliaji. Simhukumu marehemu, hesabu yake iko kwa Mola wake na mahakama haikumtia hatiani. Nawasema tuliobaki, tuliopiga makofi pande zote mbili kwa nyakati tofauti. Ripoti ilikuwepo Bungeni muda wote ule, katika taarifa rasmi, asiyeridhika nayo angeisoma akaipinga kwa hoja. Ni wangapi waliisoma? Tuliviachia vyama vitukumbushe, na chama kinakumbuka kinachokifaa.

Kuna na hili la vyeti. Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki: watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Manesi, walimu, watu waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi. Wengine walikaa muda mrefu wakidai hata michango yao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, mpaka serikali ya Rais Samia ilipokubali warudishiwe walichochangia wao. Lakini wabunge, wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya hawakuguswa na uhakiki ule. Waziri aliyehusika, Angela Kairuki, alieleza kwamba wanasiasa wanatakiwa kujua kusoma na kuandika tu. Na kwa mbunge ndivyo Katiba inavyosema, ibara ya 67: Kiswahili au Kiingereza, basi.

Mimi sina ugomvi na Katiba hapo. Uongozi haukuwahi kuwa shahada, na umma huu unamfuata Mtume ambaye hakuwa msomaji wala mwandishi. Ila tazama matokeo yake. Nesi aliyeghushi cheti ili apate mshahara wa kulea watoto anafukuzwa, na mwanasiasa anayejitia digrii jukwaani hana wa kumuuliza, kwa kuwa sheria haikumtaka awe nayo. Kwangu huyu wa pili ana kosa zito zaidi. Nesi alisukumwa na sharti, huyu kasukumwa na nini? Mtume (s.a.w.) alimfananisha anayejionesha ana kitu asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Ulamaa wamesherehesha hadithi hii kwa mambo mengi, kuanzia mke anayewatambia wenzake mpaka anayejifanya mwanachuoni. Mwenye digrii ya hewani anaingia humo bila kubanwa.

Na msidhani kuweka sharti kunamaliza kazi. Kenya sheria inamtaka gavana awe na shahada. Mwaka 2022 Johnson Sakaja alileta shahada ya chuo kimoja cha Uganda, tume yao ya vyuo vikuu ikaitambua, kisha ikauondoa utambuzi wake, kesi zikafunguliwa, na mabishano yakiwa bado moto watu wakapiga kura Agosti 9. Akashinda Nairobi. Mpiga kura aliachwa aamue peke yake.

Marekani, kwenye magazeti makubwa na kila teknolojia, mambo yalikuwa mabaya zaidi. George Santos alichaguliwa Novemba 2022 kutoka New York akidai chuo ambacho hakusoma na kazi katika mabenki ambayo hayakuwahi kumwajiri. Gazeti kubwa lilitoa habari hiyo Desemba, keshashinda. Bunge lao likamfukuza Desemba 2023. Lakini kabla ya uchaguzi kulikuwa na gazeti dogo la eneo lake lililokuwa limeshaonesha shaka juu ya utajiri anaojitangazia. Wakubwa hawakulisikiliza.

Kawetele sisi ndio lile gazeti dogo. Mtu akitoka hapa, kuna aliyekaa naye dawati moja. Kuna mwalimu mstaafu aliyemfundisha. Kuna wakulima wa chai na parachichi waliomchagua awe katibu wao wakaona mwisho wake. Wengi wao ni majirani zetu wa Moravian na Walutheri, na katika mambo haya ushahidi wao ni ushahidi. Wasifu anaoujaza mbunge uko kwenye tovuti ya Bunge, simu uliyonayo mkononi inafungua. Lilinganishe na analosema jukwaani. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zinatoka kila mwaka, na halmashauri zimo. Fomu za mali za viongozi, sheria ya maadili ya 1995 inawataka wazijaze, lakini hazibandikwi ukutani, kwa hiyo hapo usitegemee sana.

Hapa nimlete Sayyidna Umar (r.a.). Imepokewa kwamba mtu alikuja kutoa ushahidi mbele yake, Umar akamwambia hamjui, alete anayemjua. Mmoja akasimama akasema yeye anamjua, ni mtu mwadilifu. Umar akamuuliza: ni jirani yako, unajua usiku wake na mchana wake? Hapana. Umewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Hapana. Umesafiri naye? Hapana. Basi humjui. Katika baadhi ya mapokezi anaongeza kwamba huenda ulimwona tu msikitini akiinamisha kichwa na kukiinua.

Hilo la mwisho linatuhusu sisi moja kwa moja. Huku Rungwe Waislamu ni wachache, na mgombea analijua hilo. Ramadhani analeta tende na mchele, anavaa kanzu, anakaa safu ya kwanza, anakumbusha babu yake alikuwa Muislamu. Sisi tunatoka tumelainika, "huyu mwenzetu." Ndugu zangu, futari ile mle, mshukuruni, muombeeni dua. Haijajibu swali hata moja kati ya matatu ya Umar.

Na Nabii Yusuf (a.s.)? Wengine wanamtolea hoja kwamba aliomba cheo mwenyewe na kujisifu kuwa ni mlinzi mjuzi. Ni kweli, iko kwenye Sura yake. Rudini aya chache nyuma. Mfalme alipomwita atoke gerezani alikataa kutoka. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza waulizwe wale wanawake waliokata mikono yao. Wakaulizwa, na mke wa Al-Aziz akakiri. Faili lilifunguliwa hadharani na wapinzani wake wakaongea, ndipo akaomba hazina. Mgombea anayetaka kumtumia Yusuf kama hoja aanze na hilo la wanawake.

Sasa swali la pili la kijana: si kusengenya? Fatima binti Qays (r.a.) alimshauri Mtume (s.a.w.) juu ya wanaume wawili waliomposa. Akamwambia mmoja ni fukara hana mali, na mwingine fimbo haishuki begani mwake. Ni aibu za watu zilizotajwa, kwa kuwa mtu alikuwa anataka kuingia nao mkataba. Imamu Nawawi ameyahesabu mahali sita ambapo kutaja aibu ya mtu kunaruhusiwa, na nasaha ni mojawapo. Ikiwa ndoa ya mtu mmoja imeruhusu hivyo, zahanati na barabara ya kata nzima je?

Lakini kuna mpaka, na vijana wa mitandaoni mnauvuka. Ukimuuliza alivyotumia fedha za kikundi, uko sawa. Ukimuuliza digrii aliyoitangaza mwenyewe, uko sawa. Ukiingia chumbani kwake, ukasambaza picha za dada yake, ukatangaza dhambi ya ujana ambayo Allah kaisitiri na haina uhusiano na amana anayoiomba, hiyo ni tajassus, Sura al-Hujurat imeikataza wazi. Na sura hiyo hiyo inataka habari ithibitishwe kabla ya kuifanyia kazi, kwa hiyo klipu ya sekunde thelathini isiyo na tarehe si uthibitisho, hata kama inamhusu usiyempenda.

Najua atakayeandika hapo chini: "Sheikh, tukijua tutafanya nini, majina yanakatwa huko juu." Kwa ubunge sina la kukubishia sana. Lakini mwenyekiti wa kitongoji hakatwi Dodoma. Viongozi wa AMCOS hawakatwi Dodoma. Kamati ya msikiti wetu inachaguliwa na sisi wenyewe tukiwa tumekaa kwenye mkeka, na mara ya mwisho kuulizana nani alishika fedha gani na zikaishia wapi mnaikumbuka?

Wallaahu a'lam.