SIKU 14 HAZITOSHI



Wengi wetu tutengenezao reli huku Makueni, toka Emali hata Mtito Andei, kwetu ni Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Likizo twaenda nyumbani, na jioni twapunga upepo karibu na vichuguu. Humo hukaa kijidudu kidogo kuliko mbu, aletaye kala-azar, ugonjwa ulioangusha watu wengi Kitui mwaka 1952. Homa haiishi, mwili wakonda, wengu lavimba, na mtu anameza dawa ya malaria bure.

Mwenye virusi vya Ukimwi hupata taabu zaidi, kwani viini vya kala-azar hujificha mwilini, na kinga ikishuka huinuka tena hata baada ya matibabu. Basi mwambieni daktari yote mawili. Msiogope kazi: Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza kumbagua mtu kwa virusi.

Lakini sheria hiyo hiyo yatoa, kwa mwaka, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu. Matibabu yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kwa mwenye magonjwa yote mawili ni dawa ya mshipa pamoja na vidonge vya siku 28. Hizo 14 zilizobaki watoto watakula nini? Mtu atarudi kwenye gengi dawa ikiwa nusu.

Twataka mapatano yajayo yaandike siku 28 kwa mshahara kamili, na cheti cha daktari kisitaje ugonjwa. Makatibu wa matawi, leteni maoni ya wanachama.