Posa Nayo Inataka Upelelezi



Nyinyi mabiharusi mnaohesabu siku, najua mnatarajia nizungumzie vitambaa, maana oda zenu ndizo zinazonikalisha kwenye cherehani huku Kifungilo mpaka usiku, baridi ya Usambara ikinikata vidole. Leo nina jambo jingine, ambalo likitajwa wengi wetu tunageuza uso. Ni ugaidi, na watu ambao kazi yao ni kuusoma.

Katika chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani kilichoko West Point, jimbo la New York, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 2003, chini ya miaka miwili baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Kinachambua nyaraka zilizokamatwa vitani, kinahesabu waliokufa, kinafundisha maafisa wanafunzi. Ripoti zake nyingi ziko wazi, anayetaka anasoma bure. Mdogo wangu anayesoma chuo Dar alinisomea baadhi yake alipokuja likizo, yeye akitafsiri, mimi nikipiga pasi.

Najua mtakavyosema: hayo ni ya Wamarekani, wanatuchafua Waislamu. Siwalaumu. Neno "gaidi" limerushwa ovyo, na sisi Wazanzibari tumeshaona gharama yake. Masheikh wa Uamsho walifunguliwa kesi ya ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014, wakakaa mahabusu miaka hadi Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta. Hesabuni wenyewe hiyo ni Ramadhani ngapi wake zao walifuturu bila waume. Kwa hiyo anayetaka tuusikilize utafiti wa wanajeshi aanze kwa kuelewa kwa nini tunausikiliza nusu sikio.

Lakini nisikilizeni kwanza. Desemba 2009 kituo hicho kilitoa ripoti ya hesabu ya watu waliouawa katika mashambulizi ambayo Al-Qaida wenyewe walikiri kuyafanya. Ili wasiambiwe wamependelea, watafiti walitumia habari za vyombo vya Kiarabu tu. Kati ya mwaka 2004 na 2008 waliuawa watu 3,010, na watu wa nchi za Magharibi walikuwa asilimia 15. Ukichukua mwaka 2006 hadi 2008 peke yake, walikuwa asilimia 2. Waliobaki ni watu wa nchi ambazo wakazi wake wengi ni Waislamu. Yaani hao wanaodai wanatupigania, maiti wanazotuachia ni za kwetu, na eda tunakaa sisi. Hilo halikutuchafua. Ni sisi tulipaswa kulihesabu kwanza.

Ripoti nyingine, ya mwaka 2007, ilieleza jinsi Al-Qaida walivyohangaika Pembe ya Afrika. Somalia iliwashinda kwa ukoo na vurugu. Kenya iliwafaa zaidi, kwa sababu barabara zipo, simu zipo, benki zipo, na usimamizi umelegea. Mdogo wangu aliposoma hapo, nikaacha pasi. Nilikumbuka habari ya Siyu.

Siyu ni kijiji katika kisiwa cha Pate, Lamu, watu wa dini na watu wa staha kama wa kwetu. Kabla ya shambulio la Kikambala, alifika pale kijana wa Kingazija aliyejiita Abdul Karim. Mpole, msomi, akafundisha madrasa, akacheza mpira na vijana. Akaposa binti wa hapo na akaozeshwa. Jina lake la kweli lilikuwa Fazul Abdullah Mohammed, aliyekuwa akitafutwa kwa mabomu ya balozi za Marekani ya tarehe 7 Agosti 1998, yaliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Tena alikuwa na mke tayari. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ikalipuliwa. Wakenya kumi walikufa, wengi wao wachezaji ngoma waliokuwa wakipokea wageni. Bwana harusi akatoweka. Baba mkwe akashitakiwa kwa mauaji, na mahakama ikamwachia mwaka 2005. Fazul aliuawa Mogadishu Juni 2011. Yule binti wa Siyu alibaki na jina la mke wa gaidi, na mimi kila nikimfikiria namwona kama mteja wangu yeyote, aliyechorwa hina, aliyefukizwa udi, anayesubiri kuingiziwa mume.

Wanajeshi wakiandika habari hii wanaiita maficho, mtandao, njia za kupita. Mwanamke akiisoma anaona posa ambayo haikupelelezwa.

Sisi tunalo neno hilohilo, kupeleleza, na hatukulipata kwa polisi. Nilipoposwa na mume wangu, Msambaa, baba yangu alimpandisha ami yangu boti kutoka Unguja, akashika basi la Lushoto. Alikaa siku nne. Aliuliza msikitini, dukani, kwa majirani, mpaka kwa masista wa Kikatoliki wa hapa Kifungilo ambao mume wangu alikuwa akiwapelekea mboga. Mimi niliona aibu, nikanuna wiki nzima. Ami akarudi na jibu: ukoo wake unajulikana, madeni yake yanajulikana, swala zake zinajulikana. Basi.

Siku hizi upelelezi wetu unaishia kwenye picha ya simu na "mashaallah ana ndevu". Mwaka jana msichana aliniagiza gauni la nikaha, akanisisitiza likunjike, liingie kwenye begi la mkononi. Anasafiri kwenda nchi jirani kwa mchumba aliyejuana naye kwa simu miezi minne. Walii? Mchumba amesema sheikh wa huko atasimamia. Mama anajua? Ataambiwa akishafika, mchumba ndivyo anavyotaka. Huenda mwanamume yule alikuwa tapeli wa kawaida tu, wako tele. Lakini sisi watu wa Shafii tunajua nikaha haifungwi bila walii, na mcha Mungu gani anaanza ndoa kwa kumficha mama mtu? Nilimwambia sikati kitambaa mpaka nizungumze na mama yake. Alinitukana vizuri sana. Kianzio nilimrudishia mama, kitambaa kiko kabatini.

Ninachotaka mimi ni utafiti huu ufanywe na kwetu. Tuna Chuo cha Maafisa wa Jeshi Monduli, tuna vyuo vikuu Unguja na Dar. Ukiacha vita vyuoni tu, hutasikia anayoyajua somo, kungwi, mwalimu wa madrasa ya wanawake, fundi cherehani. Sisi ndio tunaona binti anaanza kuvunja ushoga na wenzake, anaficha simu, anauza dhahabu ya bibi yake apate nauli. Wa West Point walipochambua barua 17 za nyumbani kwa Bin Laden, mwaka 2012, kiongozi wa waandishi alikuwa mwanamke, Nelly Lahoud. Kwenye barua ya tarehe 7 Agosti 2010, Bin Laden mwenyewe anawaeleza al-Shabaab wasitangaze hadharani kwamba wameungana naye. Anataka waonekane kitu kingine. Mwenye kuzoea posa anaijua lugha hiyo: tuwe pamoja, lakini usimwambie mtu.

Akija mtafiti na daftari lake, awe wa Monduli au wa wapi, aje kwa adabu, asije na pingu mfukoni. Kina mama watamkaribisha chai ya tangawizi na watamweleza mengi. Akija kukamata tu, ataambiwa hatujui kitu, na mwanamume mwingine mpole atakuwa ameshapeleka mahari mahali fulani.