Kukarabati afisi kuukuu si kupaka rangi na kubandika vioo

KWA miaka mingi sasa, afisi nyingi zimekuwa zikihama katikati mwa jiji la Nairobi kuelekea Upper Hill na Westlands. Wamiliki wa majengo ya zamani walioachiwa vyumba vitupu wamesalia na njia mbili: kubomoa au kukarabati.

Wanaokarabati aghalabu huanzia nje. Kuta hufunikwa vioo, sehemu ya mapokezi hutandazwa vigae vipya, nao wapangaji huongezewa kodi. Ndani, mabomba ni yale yale, nyaya za umeme ni zile zile, na lifti ingali inakwama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bomba likipasuka, ukuta uliopakwa rangi juzi hubomolewa upya.

Vioo vyenyewe huweza kugeuka hasara. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hali yake ya hewa si ya joto kali. Wengi waliojenga afisi za miaka ya sitini na sabini walilizingatia hilo, wakaweka madirisha yanayofunguka na vikinga-jua vya saruji. Anayeviondoa na kuziba pande zote kwa vioo hulazimika kununua viyoyozi, kisha kulipia umeme wake kila mwezi.

Jijini New York, jumba la Empire State lililofunguliwa 1931 linatoa funzo tofauti. Katika ukarabati ulioanza 2009, madirisha yake 6,514 hayakutupwa. Yaling'olewa, yakaundwa upya katika karakana iliyowekwa humo humo jengoni, kisha yakarudishwa. Pamoja na marekebisho ya mitambo, lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38.

Hata hivyo, kipimo kikuu cha afisi ya kisasa ni watu wanaoweza kuitumia. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Kabla ya hapo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wamiliki wa majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha. Nayo Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali pa kina mama kunyonyesha, pasipo kuwa msalani.

Licha ya hayo, si ajabu kukuta jengo linalong'aa lenye ngazi mlangoni na lisilo na njia ya kiti cha magurudumu. Ukarabati ndio wakati rahisi zaidi wa kurekebisha kasoro hiyo, kwa kuwa mafundi tayari wako kazini. Maafisa wa kaunti wanaopitisha ramani za ujenzi wanafaa kuukagua mlango huo kabla ya kutazama vioo.